Wino wa maji: namna unavyoundwa ukauke kwenye chapa bila kukauka kwenye mashine

Wino wa kuchapia ulioundwa kwa msingi wa maji hudaiwa mambo mawili yanayopingana. Ukiwa kwenye mashine unatakiwa ubaki majimaji kwa saa nyingi, upite kwenye vishimo vidogo vya silinda inayoupeleka kwenye pleti (bamba lenye picha ya kuchapwa) bila kuviziba, na hata ukianza kukauka juu ya pleti hiyo uyeyuke tena mara tu wino mpya unapofika. Ukishatua kwenye karatasi au plastiki unatakiwa ukauke papo hapo, kisha usiyeyuke tena hata katoni likinyeshewa au mfuko ukitoka kwenye friji ukiwa umelowa umande. Maji yale yale yanatakiwa yaweze kuuyeyusha mahali pamoja na yashindwe kuuyeyusha mahali pengine. Anayeelewa jinsi mkinzano huu unavyotatuliwa ameelewa sehemu kubwa ya kazi ya kuunda wino wa aina hii, kwa sababu viambato vingi vinavyobaki huongezwa ili kutibu madhara ya suluhisho hilo.

Mkinzano wenyewe si mpya. Wino wa kale wa Uchina, uliotengenezwa kwa masizi na gundi ya wanyama, ulikuwa wa maji, nao uliafikiana vyema na mbao zilizochongwa, kwa kuwa mbao hunywa maji na kuyashika. Ulipoanza uchapaji wa herufi za metali katika Ulaya ya karne ya 15, wino wa namna hiyo ulijikusanya matone juu ya metali badala ya kuenea, na wachapaji wakahamia kwenye wino wa mafuta. Mwaka 1890 kampuni ya Bibby, Baron and Sons ya Liverpool, Uingereza, iliunda mashine inayohesabiwa kuwa mzazi wa fleksografia ya leo, yaani uchapaji wa pleti laini zinazopindika, lakini wino wake wa maji ulipakaa kwa urahisi mno, hata watu wakaikejeli mashine yenyewe. Baadaye wino wa spiriti ukashika nafasi. Kilichorudisha maji kwa nguvu ni hatari ya moto viwandani na sheria za hewa safi, hasa nchini Marekani baada ya sheria ya mwaka 1970, ambazo zilibana mivuke ya viyeyushi vya kikaboni. Na kilichowezesha urejeo huo ni resini za akriliki, ambazo wachapaji wa mwaka 1890 hawakuwa nazo.

Resini ndiyo gundi ya wino: hushikilia pigimenti, yaani chembe za rangi, kwenye chapa na kujenga utandu unaobaki baada ya maji kuondoka. Resini ya akriliki, au ya akriliki na stirini kwa pamoja, ni polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, ambayo mnyororo wake umepachikwa vikundi vingi vya asidi vinavyoitwa kaboksili. Katika maji matupu resini hii haiyeyuki, hubaki punje ngumu zilizozama chini ya chombo. Ukitia alkali, kwa kawaida amonia au mojawapo ya jamaa zake ziitwazo amini, vikundi vya asidi hutoa protoni zao na kubaki na chaji hasi. Chaji hizo husukumana, mnyororo uliokuwa umejikunja hufunguka, maji huingia kati yake, na punje zile hutoweka ndani ya kimiminika chenye rangi ya asali. Wino unapochapwa, alkali huruka hewani pamoja na maji, vikundi vya kaboksili hurudia hali ya asidi, na resini haina tena njia ya kuyeyuka katika maji matupu. Hapo ndipo penye siri yote: kinachoamua kama resini itayeyuka ni alkali, na alkali hiyo imechaguliwa kwa sababu inaweza kuondoka.

Kutokana na hilo, uchaguzi wa alkali ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana kwenye karatasi ya fomula. Amonia huchemka katika nyuzi 33 chini ya sifuri za Selsiasi, hivyo huondoka upesi na kuacha utandu unaostahimili maji mapema. Upesi huo huo huifanya itoroke pia kutoka kwenye ndoo ya wino kabla ya kazi kwisha, na harufu yake huwachoma macho wafanyakazi. Monoethanolamini huchemka katika nyuzi zipatazo 170, kwa hiyo wino hubaki imara mashineni siku nzima, lakini sehemu yake hukaa ndani ya utandu na kuufanya uendelee kuvutwa na maji. Kati ya hizo mbili kuna dimethilethanolamini, inayochemka karibu na nyuzi 134. Waundaji wengi huchanganya amonia na amini iliyo nzito zaidi, ili ya kwanza iharakishe ukaukaji na ya pili ishikilie uthabiti, na kwa maoni yangu mchanganyiko huo hufaa kuliko kutegemea alkali moja peke yake.

Hata hivyo, resini iliyoyeyuka haitoshi. Ili iyeyuke vizuri ni lazima minyororo yake iwe mifupi na yenye vikundi vingi vya asidi, mara nyingi kiasi kinachohitaji miligramu 200 hadi 240 za hidroksidi ya potasiamu kusawazisha asidi iliyo katika gramu moja ya resini. Minyororo mifupi hutoa utandu unaong'aa lakini unaovunjika kwa urahisi, na asidi nyingi humaanisha kwamba sabuni yoyote yenye alkali itaweza kuuyeyusha tena. Kwa sababu hiyo wino hupewa resini ya pili ya namna tofauti kabisa, iitwayo emalsheni. Humo polima haijayeyuka. Ni vijitufe vidogo mno, vyenye upana wa makumi ya nanomita hadi mia kadhaa, vinavyoelea ndani ya maji kama mafuta yanavyoelea ndani ya maziwa. Kwa kuwa polima imefungwa ndani ya kijitufe, minyororo yake inaweza kuwa mirefu sana bila kuufanya wino uwe mzito. Maji yanapoondoka, vijitufe husogeleana, hugusana, hubanana na hatimaye huungana kuwa utandu mmoja, na muungano huo ukishatokea haurudi nyuma.

Ugumu wa vijitufe hivyo nao ni mahali pa mapatano. Polima laini huungana bila taabu katika joto la kawaida na kutoa utandu unaojikunja pamoja na plastiki, lakini chapa zake hugandana zinapoviringishwa kwenye roli. Polima ngumu hukataa kugandana na hustahimili mkwaruzo, ila vijitufe vyake haviungani vizuri pasipo joto au kiyeyushi kidogo cha glikoli etha cha kuvilainisha kwa muda. Kwa hiyo fomula nyingi huweka emalsheni ngumu na laini kwa pamoja, kisha uwiano wake hurekebishwa kulingana na kinachochapwa.

Basi emalsheni huleta uimara na ukaukaji wa haraka, na resini iliyoyeyuka huleta uwezo wa kuyeyuka tena mashineni, mng'ao na mtawanyiko mzuri wa pigimenti. Emalsheni ikizidi, wino hukauka ndani ya vishimo vya ile silinda ya kubebea wino, iitwayo aniloksi, na kuvifunga, na uchapaji hufifia taratibu bila mtu kujua chanzo. Resini iliyoyeyuka ikizidi, katoni lililolowa huacha rangi mikononi. Wino wa karatasi inayonyonya huvumilia resini nyingi iliyoyeyuka, ilhali wa plastiki huhitaji emalsheni itawale.

Mambo haya huonekana wazi zaidi mashineni. Tuseme kazi imeanza asubuhi kwa wino wenye pH (kipimo cha asidi na alkali; juu ya 7 ni alkali) ya 9.2 na mnato, yaani uzito wa mtiririko, wa sekunde 26 kwenye kikombe cha Zahn namba 2, kile kikombe kidogo chenye tundu chini ambacho huzamishwa, huinuliwa, kisha huhesabiwa sekunde mpaka mchirizi ukatike. Pampu huuvuta wino kutoka kwenye ndoo na kuupeleka kwenye silinda, na unaobaki hurudi ndooni, saa baada ya saa, huku uso wake ukikutana na hewa. Amonia inatoka. Ifikapo mchana pH imeshuka hadi 8.3, minyororo ya resini imeanza kujikunja na kushikana, na kikombe kile kile sasa kinachukua sekunde 40. Mwendeshaji akiona wino umekuwa mzito humimina maji. Mnato unashuka, naye anaridhika. Lakini pH haijapanda, resini bado iko ukingoni mwa kujitenga, na rangi imepungua nguvu kwa sababu pigimenti imezimuliwa. Baada ya muda wino unakuwa mzito tena, na nafasi ndani ya herufi ndogo zinaanza kujaa. Alichopaswa kufanya kwanza ni kupima pH na kurudisha alkali kidogo kidogo, ikiwa imezimuliwa kwa maji na wino ukiwa unakorogwa, mpaka ifike 9 au zaidi kidogo. Mara nyingi mnato hurudi mahali pake bila kuongezwa maji yoyote. Alkali isiyozimuliwa ikimwagwa mahali pamoja inaweza kuifanya emalsheni igande palepale, na madonge hayo hayayeyuki tena. Kwa upande mwingine, pH ikipita 9.5 wino hukauka polepole, hutoa harufu kali, na baadhi ya pigimenti huanza kubadilika rangi. Ndiyo maana wino mwingi wa fleksografia huundwa ufanye kazi kati ya 8.5 na 9.5, nami nashikilia kwamba kifaa cha kupimia pH ni cha lazima kando ya mashine kama kilivyo kikombe cha mnato.

Pigimenti ndiyo inayoonekana na msomaji, na ndiyo huchukua sehemu kubwa ya gharama. Pigimenti ya buluu inayotambulika kwa namba 15:3, ambayo ni fitalosianini ya shaba, na nyeusi ya masizi hustahimili alkali vizuri. Nyekundu yenye namba 57:1, ambayo ni chumvi ya kalsiamu, huhitaji uangalifu, kwa sababu mazingira makali ya alkali huweza kuigeuza kivuli chake, na kalsiamu inayochomoka kutoka humo hushikana na vikundi vya kaboksili vya resini na kuufanya wino unenepe. Ni kwa sababu hiyo hiyo maji ya chumvichumvi yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi hayafai, na viwanda makini hutumia maji yaliyoondolewa madini. Titani dioksidi ya wino mweupe ina uzito wa mara nne wa maji kwa ujazo uleule, hivyo hutuama chini ya pipa isipotawanywa na kushikiliwa ipasavyo. Unga wa alumini wa kung'arisha humenyuka na maji yenye alkali na kutoa hidrojeni, kiasi kwamba pipa lililofungwa linaweza kuvimba. Usitiwe katika wino wa maji isipokuwa kama chembe zake zimefunikwa kwa ajili hiyo.

Pigimenti hufika ikiwa unga ambao chembe zake zimeshikamana madonge. Kwanza madonge hulowanishwa kwa resini iliyoyeyuka au kitawanyishi, kisha husagwa katika kinu chenye shanga za kauri zenye kipenyo cha milimita moja au chini yake, mpaka chembe nyingi zifikie nanomita 100 hadi 200. Kuvunja madonge ni nusu ya kazi tu. Uso mpya unaofichuliwa lazima uvikwe resini yenye chaji mara moja, la sivyo chembe hurudiana usiku ule ule. Ubora wa usagaji hukaguliwa kwa kipande cha chuma chenye mfereji unaopungua kina taratibu mpaka sifuri: tone huwekwa upande wa kina, huburutwa kwa kisu bapa, na mahali mikwaruzo inapoanza kujitokeza husomwa kama ukubwa wa chembe kwa mikroni. Kipimo hiki hufichua madonge makubwa, lakini hakioni chini ya mikroni chache, kwa hiyo mng'ao na nguvu ya rangi kwenye karatasi ya majaribio ndivyo vinavyotoa hukumu ya mwisho.

Tatizo la pili la maji, baada ya lile la kuyeyuka, ni kwamba hayapendi kuenea. Molekuli zake huvutana kwa nguvu, na mvutano wa uso wake hufikia milinewtoni 72 kwa mita, ikilinganishwa na takriban 22 za ethanoli. Uso wa polietilini (plastiki ya mifuko) ambayo haijashughulikiwa una nishati ya karibu 31 kwa kipimo kilekile, na kimiminika chenye mvutano mkubwa kuliko nishati ya uso kinachotua juu yake hujikunyata matone. Kwa hiyo kazi hufanywa pande zote mbili. Plastiki hupitishwa kwenye cheche za umeme za korona ili uso wake ufike 38 hadi 42 au zaidi, na kiwango hicho hupungua roli likikaa ghalani. Wino nao hushushwa mvutano kwa viwezeshaji vya uso, yaani kemikali za jamii ya sabuni, na wengi hulenga mvutano ulio chini ya uso wa plastiki kwa milinewtoni kama 10.

Hapa kuna jambo ambalo wanaoanza kazi hii hulikosa mara nyingi. Mvutano unaopimwa wino ukiwa umetulia kwenye kikombe si ule unaohitajika mashineni, ambako uso mpya wa wino huzaliwa na kugusa plastiki ndani ya milisekunde. Kiwezeshaji chenye molekuli kubwa kinaweza kuonyesha namba nzuri maabara kisha kishindwe kazini, kwa sababu hakiwahi kufika usoni kabla wino haujatua. Dioli za asetilini hupendwa kwa kuwa molekuli zake ni ndogo na huenda upesi, na zina sifa adimu ya kutofuga povu. Viwezeshaji vingine vingi hufuga povu, na povu kwenye silinda huacha matobo madogo kwenye chapa. Ndipo kinapoongezwa kiua povu, mafuta ya madini au silikoni ambayo hufanya kazi kwa sababu tu hayachanganyiki vizuri na wino: hujipenyeza kwenye ukuta wa povu na kuupasua. Kikizidi, kutochanganyika huko huhamia kwenye chapa na kuacha vidoa vya mviringo ambavyo wino umevikimbia. Kiasi chake huwa kati ya asilimia 0.2 na 1, na ni salama kukiongeza kwa awamu kuliko kukimimina chote mwanzoni.

Ukaukaji nao una hesabu yake. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke huhitaji takriban kilojuli 2,260, ilhali ethanoli huhitaji kama 850. Kwenye karatasi pengo hili halionekani sana, kwa sababu sehemu kubwa ya maji huzama ndani ya nyuzi. Kwenye plastiki hakuna pa kuzama, na maji yote lazima yaondoke kwa hewa. Wengi huongeza joto, wakati kinachokwamisha mara nyingi ni tabaka jembamba la hewa iliyoshiba unyevu lililolala juu ya wino; hewa ya kasi inayolifagia tabaka hilo husaidia kuliko kupandisha nyuzi, na haipindishi plastiki. Njia ya uhakika zaidi iko kwa muundaji mwenyewe: kutengeneza wino wenye pigimenti na resini nyingi zaidi kwa kila lita, ili silinda yenye vishimo vidogo zaidi iweke utandu mwembamba wenye rangi ileile na maji machache ya kukausha.

Wino wa kawaida wa katoni, basi, huwa na pigimenti asilimia 10 hadi 15, yabisi ya resini 15 hadi 20, nta ya polietilini asilimia chache ya kuzuia mkwaruzo, na kiasi kidogo kidogo cha viambato nilivyokwisha kuvitaja, sehemu inayobaki ikiwa maji. Kiua vijidudu ni kidogo mno kwa kiasi lakini hakiachwi, kwa sababu bakteria wakistawi ndani ya pipa hutoa asidi, pH hushuka, na wino huharibika hata kabla haujafunguliwa. Pale panapotakiwa ustahimilivu zaidi, huongezwa changamano la zinki na amonia: amonia ikishatoroka, zinki hubaki huru na kufunga vikundi viwili vya kaboksili kwa pamoja, minyororo ikawa wavu. Ni ufundi ninaoupenda, kwa kuwa unatumia tukio lilelile la kukauka kuzidisha uimara, ingawa wino uliofungwa hivyo ni mgumu zaidi kusafishwa kwenye silinda.

Kabla ya wino kukabidhiwa, huburutwa kwenye karatasi au plastiki ileile itakayochapwa, si nyingine, kisha hukaushwa na kujaribiwa kwa mkanda wa gundi, kwa kusuguliwa na kitambaa chenye maji, na kwa kubanwa uso kwa uso chini ya uzito katika joto ili ionekane kama chapa zitagandana. Jaribio la kuyeyuka tena hufanywa kwa kuacha mburuto ukauke kwa muda mfupi, kudondosha wino mbichi juu yake na kufuta. Palipodondoshwa pakibaki alama ya wino wa kwanza, silinda nayo itabaki na alama hiyo.

Ni kosa pia kudhani kwamba wino wa maji hauna madhara. Maji ya kuoshea mashine hubeba pigimenti na resini, na hayafai kumwagwa mtaroni. Njia iliyozoeleka ya kuyasafisha ni kuyatia asidi au alumi mpaka pH ishuke vya kutosha: resini hupoteza chaji, hujitenga na maji, na kuanguka chini pamoja na pigimenti, kisha tope huchujwa na maji yanayobaki hurekebishwa pH kabla ya hatua inayofuata. Karatasi iliyochapwa nayo huleta taabu kwenye viwanda vya kurejeleza, kwa kuwa maji ya alkali yanayotumika huko kuondoa wino huirudishia resini uwezo wake wa kupenda maji. Chembe za pigimenti hutoka zikiwa ndogo mno na zenye kupenda maji, hazishikwi na viputo vya hewa vinavyotegemewa kuziinua juu, na huishia kuufanya rojo la karatasi kuwa la kijivu.